Naelewa nikiangalia vidio za programu, nikikaa mwenyewe natoka kapa. Naanzia wapi?

dada_wa_floti

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa mawazo maana nimezunguka mpaka nimechoka. Mimi ni wakala wa huduma za pesa, nina kibanda hapa Makambako, nimeishia form four na hesabu nilipata F, hilo nalisema mapema ili msinipe ushauri wa watu wa chuo. Nataka kujifunza kutengeneza programu. Sina mipango ya kwenda Marekani wala nini, nimependa tu na nataka niweze.

Sasa shida ni hii. Nikiangalia vidio YouTube mtu anafundisha Python, ile lugha ya kuandikia programu, naelewa kabisa, print naijua, if naijua, listi najua ni nini, lupu naona inavyozunguka, tena mwalimu akiuliza swali najibu kabla yake. Vidio ikiisha nafungua ukurasa mweupe nasema ngoja na mimi niandike changu, kapa. Sijui hata nianze na neno gani. Narudi kwenye vidio naelewa tena, nafunga, kapa tena, bando linaisha tu.

Nina simu janja ya kawaida, na Jumapili binamu yangu ananiachia kompyuta ya steshenari yake akishafunga. Halafu kuna kijana mmoja hapa anasema nikimpa laki na nusu ananifundisha miezi mitatu natoka naajirika. Nimpe? Na je kichwa cha F kinaweza haya mambo au nijikalie na floti zangu?

ngoja_waje

Nimekaa pale nasubiri wajuzi. Ugonjwa wangu ni huo huo ila mimi ni wa lugha ya JavaScript.

kichwa_bando

Dada hiyo laki na nusu itulize kwanza, iweke kwenye floti izunguke. Anayekuahidi ajira baada ya miezi mitatu hajakuuliza hata una kompyuta au huna, huyo anauza matumaini. Vitu vya kuanzia vyote ni bure. Kwenye simu ingia Play Store chukua Pydroid 3, ukishaipakua inaendesha Python bila intaneti, matangazo yake yanakera ila vumilia. Kwenye kompyuta ya steshenari weka Thonny, hii waliitengeneza Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanaoanza, Python inakuja nayo humo humo huhangaiki kuweka vitu viwili viwili. Uzuri wake inakuruhusu kuendesha programu mstari mmoja mmoja huku unaona kila jina limebeba namba gani.

Kuhusu F, zilizokuangusha ni logi na pembe na matrisi. Huku mwanzoni utajumlisha, utatoa, utazidisha, utagawanya na kuangalia kilichobaki. Wewe unafanya hayo kutwa tena watu wamepanga foleni na mmoja anakuharakisha gari linaondoka.

Fundi_Mitambo

Mleta uzi, hujakwama kwenye Python, umekwama kabla ya Python. Kwenye vidio yule mwalimu ameshaamua tatizo ni lipi, ameshalikata vipande, ameshajua kipande kipi kitangulie, wewe unachokiona ni sehemu ya mwisho tu ya kuandika na hiyo ndo nyepesi kuliko zote. Ukifungua ukurasa mweupe hamna aliyekuamulia. Ni kama wajukuu waliokulia mjini, Kibena cha bibi wanakielewa chote lakini akiwauliza kitu wanajibu kwa Kiswahili, kuelewa na kusema ni misuli miwili tofauti na vidio zinajenga mmoja tu.

Kwa hiyo acha kutafuta "mradi" kwenye intaneti. Chukua kitu unachofanya kwa mkono kila siku mpaka kinakuudhi. Wewe ni wakala, kila jioni unafunga hesabu, si ndiyo? Tuanzie hapo. Tuseme mtaji wako ni milioni mbili, asubuhi una keshi 800,000 na floti, yaani salio lako la kwenye simu, 1,200,000. Kaja mteja kuweka 50,000, keshi inapanda 850,000, floti inashuka 1,150,000. Kaja wa kutoa, kinyume chake. Umeona kisichobadilika? Jumla. Kamisheni iweke pembeni kwanza, aje mteja mmoja waje mia, keshi na floti ukivijumlisha lazima vikupe milioni mbili, visipokupa kuna hela imepotea au imezidi. Wewe hili unalijua mpaka usingizini ila hujawahi kulisema kwa sentensi, na kuandika programu ni kusema kwa sentensi.

Kazi ya kwanza, simu weka mbali kabisa. Chukua daftari uandike kwa Kiswahili chako: ninachojua ni nini, ninachouliza ni nini, na hapo katikati nafanya nini na nini kwa mpangilio. Usiniandikie "nafunga hesabu", hilo kompyuta haijui. Andika kiasi kwamba mdogo wako ambaye hajawahi kukaa kibandani akifuata mstari kwa mstari anapata jibu lako lile lile. Ukimaliza lete hapa, na usilete Python.

mzee_wa_fasta

Mnamchosha dada wa watu bure. Siku hizi unaiambia ChatGPT nitengenezee programu ya wakala, dakika moja unayo. Mambo ya madaftari ni ya zama zile.

chaki_na_vumbi

Mkuu hapo juu, hebu jaribu hiyo sentensi yako uone. Itakuletea mistari mingi mizuri, ina rangi na menyu, lakini haijui kama kamisheni ya huyu dada inaingia kwenye floti hapo hapo au inakuja mwisho wa mwezi, haijui kama ana laini moja au nne, haijui kama mtaji aliukopa na kila Jumamosi anachomoa marejesho humo humo. Itabahatisha. Na yeye hatajua imebahatisha kwa sababu hawezi kuisoma, jioni ikimwambia kuna upungufu wa elfu thelathini atamkalia kooni msaidizi wake kumbe programu ndo mwongo. Mimi sikatai hizo AI, mwanafunzi wangu akipata erori asiyoielewa namwambia kaiulize maana yake nini. Kumwandikia kazi nzima wakati hajui kutembea, hapana.

Na dada, Fundi kakuambia kweli tupu. Fuata.

dada_wa_floti

Asanteni sana jamani. Mzee wa fasta nimekusikia ila nilishajaribu hiyo njia, ilinipa kitu kirefu sikuelewa hata pa kugusa. Kazi ya Fundi hii hapa, nimeandika kama yalivyo daftarini:

Najua mtaji wangu. Nahesabu keshi ya kwenye droo. Naangalia salio la floti kwenye simu. Najumlisha keshi na floti. Nachukua mtaji natoa hiyo jumla. Ikibaki sifuri niko salama nafunga mlango. Ikibaki kitu hiyo ndo hela iliyopotea.

Fundi ni hivyo tu? Mbona fupi?

Fundi_Mitambo

Ni hivyo tu. Ila una shimo moja. Ukichukua mtaji ukatoa jumla, jibu likija hasi je? Mteja kakuachia noti ya elfu kumi akijua ni ya elfu tano kaondoka zake. Mdogo wako uliyemwachia kibanda ataona -5,000 atasema imepotea, kumbe imezidi. Ziba hilo kwanza ndo uandike Python, mstari mmoja wa daftari uzae mstari mmoja wa programu, hakuna kuongeza manjonjo.

dada_wa_floti

Nimeziba na nimeandika kwenye Pydroid, mikono inatetemeka hahaha. Imeniletea maajabu. Hivi ndo nilivyoandika:

```
mtaji = 2000000
keshi = input("Keshi mkononi: ")
floti = input("Floti kwenye simu: ")
jumla = keshi + floti
print("Jumla", jumla)
tofauti = mtaji - jumla
if tofauti == 0:
    print("Hesabu iko sawa")
elif tofauti > 0:
    print("Pungufu", tofauti)
else:
    print("Imezidi", -tofauti)
```

Nikaweka zile namba za Fundi, keshi 850000 floti 1150000. Ikasema jumla ni 8500001150000. Nimehesabu sifuri mara mbili, hiyo ni trilioni nane na nusu wakuu, mimi na kibanda changu cha mabati. Halafu chini yake yakamwagika maandishi mekundu marefu nikaifunga simu.

kichwa_bando

Trilioni nane ukizipata usitusahau 😂😂

chaki_na_vumbi

Dada hayo maandishi mekundu usiyakimbie, hayo ndo mwalimu wako mkali kuliko sisi wote. Yanasomwa kuanzia chini, mstari wa mwisho ndo unasema kosa ni nini na mistari ya juu yake inakuonyesha ni wapi. Nina hakika mstari wako wa mwisho uliandikwa hivi:

```
TypeError: unsupported operand type(s) for -: 'int' and 'str'
```

Kwa lugha yetu, umeniambia nichukue namba nitoe maandishi, mimi siwezi. Sasa jiulize maandishi yametoka wapi wakati wewe uliandika namba. Angalia ile trilioni kwa makini, 850000 halafu 1150000. Haijajumlisha, imeviunganisha ubavu kwa ubavu. Kitu chochote kinachoingia kupitia input Python inakichukua kama maandishi, hata ukiandika 5 kwake ni herufi iliyochorwa hivyo, na maandishi mawili ukiyawekea alama ya kujumlisha yanagundishwa. Alama ya kutoa kwa maandishi haina maana yoyote ndo maana jumla ilipita kimya kimya na kutoa ndo kukalipuka. Na hapo kwenye kupita kimya ndo pabaya, erori inayopiga kelele ni rafiki, ile inayokupa jibu la uongo bila kusema kitu ndo ya kuogopa.

Dawa ni kuigeuza iwe namba pale pale mlangoni:

```
keshi = int(input("Keshi mkononi: "))
floti = int(input("Floti kwenye simu: "))
```

Na usiweke koma. Ukiandika 1,150,000 atakuletea ValueError maana int haijui koma zetu.

dada_wa_floti

JAMANI IMEKUBALI. Nimeweka hesabu ya leo ya kweli imeniambia Pungufu 2000 na kweli nilimkopesha jirani buku mbili ya sabuni sikuandika. Nimekaa naiangalia tu.

Sasa swali. Hii inaniambia hela imepungua, haniambii imepungulia wapi. Kwenye daftari naandika kila muamala, siku ya mnada inafika miamala mingi mpaka usiku natafuta mstari mmoja uliokosewa. Inawezekana ikanisaidia kutafuta?

Fundi_Mitambo

Umeona ulivyouliza? Wiki iliyopita ulikuwa hujui uanze na neno gani. Inawezekana. Lakini kabla ya programu jibu hili: wewe ukitafuta kwa macho unatafutaje? Ukisema "napitia tu mpaka nione", basi bado hujajua, na kompyuta haiwezi kujua kwa niaba yako.

mhasibu_mstaafu

Binti yangu, mimi haya mambo ya Python siyajui, nimepita tu nikaona swali la kazi yangu. Nimefunga vitabu enzi za leja za mkono na mashine ya kukokotoa, na ofisi yetu ilikuwa haturuhusiwi kwenda nyumbani mizania ikikataa. Tulikuwa na njia za kunusa kosa lilipo kabla ya kupekua leja nzima.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Keshi na floti zikilingana na mtaji lakini daftari linakataa, hela yako yote ipo, mwenye kosa ni daftari, usimgombeze mtu. Zisipolingana ndo hela imetoka au imeingia kweli.

Daftari likiwa na kosa, chukua tofauti uigawe kwa mbili, halafu tafuta muamala wa kiasi hicho. Mtu katoa 35,000 wewe ukaandika kwenye upande wa kuweka, keshi ya daftarini itazidi ya droo kwa 70,000, kwa sababu umekosa kupunguza 35,000 na juu yake ukaongeza 35,000. Nusu ya 70,000 ndiyo inakupeleka kwenye mstari wenyewe.

Nusu isipopatikana, gawa tofauti kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, shuku umegeuza tarakimu, 63,000 ukaiandika 36,000. Tofauti ni 27,000, na 27,000 kwa tisa ni 3,000 kamili. Hiyo ni dalili, usiifanye ushahidi, maana 9,000 iliyopotea kweli nayo inagawanyika kwa tisa.

dada_wa_floti

Shikamoo mzee wangu! Hii ya tisa sijawahi kuisikia popote. Kwa nini tisa?

mhasibu_mstaafu

Marahaba mwanangu. Sisi tulifundishwa ukweli wake, sababu walimu watakuambia.

chaki_na_vumbi

Mzee heshima yako. Sababu ni fupi. Tarakimu ikikaa kwenye makumi ina thamani mara kumi, ikihamia kwenye mamoja ina thamani mara moja, kwa hiyo ikihama imepoteza mara tisa yake, na jirani yake aliyepanda kachukua mara tisa yake. Vyote viwili ni tisa tisa, ukivitoa lazima kibaki kitu kinachogawanyika kwa tisa. Ndiyo hivyo hivyo kwenye maelfu na makumi elfu.

Sasa dada kwenye programu. Miamala ya siku iweke kwenye listi, ya kuweka chanya na ya kutoa hasi kwa sababu tunafuata keshi. Nakupa mfupi uufuate kwa kalamu kwanza:

```
keshi = 800000
miamala = [50000, -20000, 63000]
for m in miamala:
    keshi = keshi + m
print(keshi)
```

Usiuendeshe. Chora safu mbili daftarini, moja ya m nyingine ya keshi. Mzunguko wa kwanza m ni 50000 keshi inakuwa 850000. Wa pili m ni -20000, keshi 830000. Wa tatu 63000, keshi 893000. Ndo uendeshe uone kama mmekubaliana. Watu wengi lupu haiwaingii kwa sababu wanaiangalia kama picha nzima, chora safu, jaza mstari mmoja mmoja, hata ikikuchosha. Ukiwa na intaneti kuna tovuti ya Python Tutor inakuchorea hizo safu yenyewe, lakini mara za kwanza chora kwa mkono wako.

Fundi_Mitambo

Na kanuni za mzee zikigeuzwa zinakuwa mistari ya kawaida tu. Ile ya nusu ni hii, tofauti hapa ni keshi ya daftarini ukitoa keshi ya droo, na abs maana yake sahau hasi na chanya, nipe ukubwa wake:

```
for m in miamala:
    if abs(m) * 2 == abs(tofauti):
        print("Kaangalie muamala wa", abs(m))
```

Ya tisa sikuandikii. Alama ya asilimia kwenye Python inatoa baki ya kugawanya, 27000 % 9 ni 0, 28000 % 9 ni 1. Malizia mwenyewe.

mzee_wa_fasta

Haya nimekubali nimekaa. Ila mjue C ndo lugha ya kiume, Python ni ya watoto.

kichwa_bando

Mkuu hata ile kozi maarufu ya CS50 ya Harvard inaanza na Scratch, vile vitofali vya rangi vya kuburuta, ndo wanaingia C, na Python inakuja baadaye. Hakuna anayechagua lugha kwa jinsia. Huyu dada ana simu na Jumapili moja kwa wiki, Python inamtosha sana.

mie_wa_likoni

Salamu kutoka Mombasa dada. Nimeusoma uzi wote na chai imepoa. Ukimaliza hiyo ya tisa jaribu ya chenji, yataka hesabu ndogo lakini yanoa kichwa sana. Mtu akudai chenji 8,700 ya hapo kwenu, utampa vipande gani viwe vichache iwezekanavyo? Wewe wafanya bila kufikiri, wachukua kubwa inayoingia, 5,000, halafu 2,000, 1,000, 500, 200, kwisha. Kwa programu ni // kujua zaingia ngapi na % kujua imebaki ngapi, noti hadi noti ukishuka.

Sasa njoo huku kwetu Kenya. Mwaka 2003 tulitolewa sarafu ya shilingi 40 kwa ajili ya miaka 40 ya uhuru. Ni nadra kuiona siku hizi lakini ipo. Chukulia droo yako ina 50, 40, 20 na 10 tele, mtu akudai 80. Ile njia yako ya kuchukua kubwa kwanza hebu ipeleke hapo, halafu urudi uniambie imekupa nini.

dada_wa_floti

Kaka wa Likoni nakuja huko, nina kesi nyingine kwanza. Ya tisa nimeandika mwenyewe! Jana ilinishikia kosa kabisa, daftari na droo vimepishana 18,000, ikasema tarakimu zimegeuzwa, nikatafuta nikakuta 42,000 nimeandika 24,000. Nimempigia binamu simu usiku ule ule hakuelewa naongea nini.

Leo sasa hesabu imekaa sawa kabisa, tofauti hamna, lakini bado inaniambia umegeuza tarakimu. Nimepitia daftari lote hamna kosa. Hapa nimeandika:

```
if tofauti % 9 == 0:
    print("Shuku umegeuza tarakimu")
elif tofauti == 0:
    print("Iko sawa")
else:
    print("Tafuta kwa njia nyingine")
```

Fundi_Mitambo

Tofauti ya leo ni ngapi?

dada_wa_floti

Sifuri.

Fundi_Mitambo

Sifuri gawa kwa tisa inabaki ngapi?

dada_wa_floti

Inabaki sifuri... aaaah. Kwa hiyo inaishia kwenye mlango wa kwanza, wa pili haifiki kabisa. Nimepandisha ya sifuri juu, imetulia.

chaki_na_vumbi

Safi sana. Na kuanzia leo kila ukimaliza kitu kipime kwa namba za kishenzi kabla hujakiamini: sifuri, hasi, listi isiyo na muamala hata mmoja, siku yenye muamala mmoja tu. Namba za kawaida karibu kila programu inazipita.

Halafu hapo kwenye tisa ongeza ile ya nusu ya mzee itangulie, ikikosa ndo iende tisa, maana mtu akiandika upande sio wake muamala wa 45,000 tofauti inakuwa 90,000, na 90,000 inagawanyika kwa tisa pia. Itakupeleka porini.

ngoja_waje

Naomba nijibu ya Likoni mimi maana nimeiandika kwa JavaScript. Themanini imenipa 50, 20, 10. Vipande vitatu. Mbona iko sawa?

mie_wa_likoni

Bwana wee una arubaini mbili ndani ya droo, wampa vitatu vya nini?

ngoja_waje

Aisee. 40 na 40. Kwa hiyo kuchukua kubwa kwanza kumeshindwa. Sasa hapo inabidi nijaribu kila namna?

mie_wa_likoni

Waweza kujaribu kila namna, lakini pesa ikiwa nyingi utakesha. Fanya hivi, usianze na themanini, anza chini. Kumi yataka vipande vingapi? Kimoja. Ishirini? Kimoja. Thelathini viwili. Arubaini kimoja, hamsini kimoja, sitini viwili, sabini viwili. Ziandike zote kwenye safu usizitupe. Ukifika themanini huhesabu upya, wajiuliza tu kipande cha mwisho nikitoa ni kipi. Nikitoa 50 imebaki 30 ambayo ilitaka viwili, jumla vitatu. Nikitoa 40 imebaki 40 ambayo ilitaka kimoja, jumla viwili. Nikitoa 20 imebaki 60, vitatu. Nikitoa 10 imebaki 70, vitatu. Wachukua kidogo kuliko vyote, viwili. Na sasa hiyo ya themanini nayo waiandika, tisini itaihitaji.

dada_wa_floti

Hapo mwisho nimesoma mara tatu bado. Safu naielewa, ila kwenye listi hiyo kumi na ishirini naiwekaje ili nikifika themanini niipate ya thelathini? Jumapili niko steshenari, nitachora kwanza nilete hapa. Na mzee mhasibu kama bado upo, hizo njia za kunusa makosa zilikuwa hizo mbili tu au kuna nyingine?

mhasibu_mstaafu

Nipo. Iko ya sifuri iliyosahaulika. Ukiandika 5,000 mahali pa 50,000 tofauti ni 45,000, gawa kwa tisa unapata 5,000 yenyewe uliyoiandika. Kwa hiyo ikigawanyika kwa tisa, jibu lake nalo litafute kwenye daftari kabla hujaanza kusaka zilizogeuzwa.